Nagasaki, Kabla na Baada ya Saa Tano na Dakika Mbili

Taja jina la Nagasaki mbele ya mtu yeyote, na jambo la kwanza kumjia ni bomu. Hana kosa. Tarehe 9 Agosti 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi, bomu la atomiki lilipasuka juu ya bonde la Urakami, na hadi mwaka ule unakwisha watu wapatao 74,000 walikuwa wamekufa. Makumbusho ya bomu hilo na Bustani ya Amani ni mahali ambapo kila mgeni anapaswa kupita. Lakini anayepita hapo tu, kisha akapanda treni jioni, ameiona siku moja ya mji wenye zaidi ya miaka mia nne ya kupokea wageni.

Nagasaki iko magharibi mwa kisiwa cha Kyushu. Ghuba yake ni nyembamba na ndefu, milima imeibana huku na huku, na nyumba zimepanda miteremko hadi mahali ambapo gari halifiki. Meli za Wareno zilianza kutia nanga hapa mwaka 1571. Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wanaijua dola ya Wareno, kwani ndiyo iliyojenga Ngome ya Yesu kule Mombasa miaka ishirini na ushei baadaye. Njia ya baharini ilikuwa moja: Lisbon, Msumbiji, Goa, Makau, Nagasaki. Vijana wanne wa Kijapani walioondoka Nagasaki mwaka 1582 kwenda Roma kuonana na Papa walikaa Msumbiji miezi kadhaa katika safari ya kurudi.

Mwaka 1639 Wareno walifukuzwa, kwa kuwa watawala wa Japani waliuogopa Ukristo waliokuja nao. Kwa zaidi ya miaka mia mbili iliyofuata, Wazungu walioruhusiwa kufanya biashara nchini humo walikuwa Waholanzi peke yao, nao wakawekwa Dejima, kisiwa kidogo kilichojengwa kwa mikono ya watu, chenye umbo la upepeo. Leo bahari iliyokizunguka imejazwa udongo na mji umekimeza. Hata hivyo maghala na nyumba za wafanyabiashara zimejengwa upya, na tangu 2017 mgeni huingia tena kwa kuvuka daraja.

Wachina nao walikuwepo, tena wengi kuliko Waholanzi. Mtawa wao mmoja ndiye aliyesimamia ujenzi wa Meganebashi mwaka 1634, daraja la mawe lenye matao mawili ambayo, kivuli chake kikianguka mtoni, huonekana kama miwani. Mafuriko ya Julai 1982 yalibomoa sehemu yake. Mawe yakaopolewa mtoni, na daraja likajengwa tena.

Mwaka huohuo wa 1634 ndipo ilipoanza Kunchi, sikukuu kubwa kuliko zote mjini. Hufanyika tarehe 7 hadi 9 Oktoba katika hekalu la Kishinto la Suwa, lililo juu ya ngazi ndefu za mawe ambazo siku hizo hujaa watazamaji. Si kila mtaa hucheza kila mwaka. Zamu huufikia mtaa mara moja katika miaka saba, na mazoezi huanza mwezi Juni. Ndiyo maana wachezaji hujitoa kwa nguvu zote: kijana akikosa zamu ya mtaa wake leo, huenda akarudi akiwa na mke na watoto.

Na kinachochezwa ni historia ya bandari yenyewe. Kuna joka la Kichina lenye urefu wa mita ishirini hivi, linalobebwa kwa fimbo na wanaume kumi huku likiukimbiza mpira wa dhahabu kwa mlio wa matoazi. Kuna meli za Waholanzi zilizotiwa magurudumu, zinazozungushwa uwanjani hadi mawe yanalia. Kuna nyangumi anayetoa maji. Linalotia hofu zaidi ni Kokkodesho: jukwaa la ngoma lenye uzito wa karibu tani moja, watoto wanne wamekaa juu yake wakipiga ngoma, wanaume wanalirusha hewani kisha wanalidaka kwa mkono mmoja. Umati hupaza sauti, “Motte koi!”, yaani lileteni tena, na wachezaji waliokwisha kuondoka hurudi mbio.

Ugonjwa wa korona uliisimamisha Kunchi kwa miaka mitatu, ikarejea 2023.

Agosti 15 mambo ni mengine. Familia zilizofiwa katika mwaka uliopita hutengeneza mashua, huzipamba kwa taa, na kuzipitisha barabarani ili kuziaga roho za wapendwa wao. Anayetarajia ukimya atashtuka, kwa maana fataki hulipuliwa mfululizo kiasi cha watazamaji kuziba masikio.

Chakula kinasimulia habari ileile. Champon, tambi nene katika supu nzito yenye kabichi, ngisi na kamba, ilibuniwa mwaka 1899 na mpishi Mchina, Chen Pingshun, aliyetaka wanafunzi wa Kichina wapate mlo wa bei nafuu unaoshibisha. Mkahawa wake, Shikairo, ungali unapika. Wareno waliacha kasutera, keki ya mayai, unga na sukari isiyotiwa siagi. Duka la Fukusaya limekuwa likiioka tangu 1624. Halafu kuna shippoku, karamu inayoliwa kwenye meza nyekundu ya duara, vyakula vimewekwa katikati na kila mtu anajipakulia. Kwa mzoefu wa kula sinia moja hilo ni jambo la kawaida, lakini katika Japani ya zamani, ambako kila mtu aliwekewa meza yake ndogo, lilikuwa jipya kabisa.

Msomaji asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza, kwa sababu champon hutiwa nyama hiyo na supu yake mara nyingi huchemshwa kwa mifupa yake. Kasutera haina shaka hiyo.

Mwenye nafasi ya kuchagua aende Oktoba, na chumba akitafute miezi kadhaa kabla. Akikosa tiketi ya hekaluni asikate tamaa: siku hizo tatu wachezaji huzunguka mitaani wakicheza mbele ya maduka na nyumba za watu, na kuwatazama hakulipiwi chochote.