Fahamu: Kwa nini AutoCAD huganda, na uanzie wapi

Ramani ya nyumba ndogo inachukua dakika nzima kufunguka, kisha skrini inaganda. Kabla ya kulaumu kompyuta, fungua mchoro mpya mtupu. Ukienda vizuri, kasoro imo ndani ya faili.

Mizigo ya faili. Faili la DWG lililopita kwenye mikono mingi hubeba bloku na leya zisizotumika. Tunza nakala, andika PURGE kuziondoa, kisha AUDIT kurekebisha makosa. OVERKILL hufuta mistari iliyolaliana.

Umbali kutoka 0,0. Katika koordineti za UTM, kipimo cha kaskazini cha Dar es Salaam huzidi mita 9,000,000. Namba kubwa hivyo huweza kuvuruga michoro: mistari hutetemeka, hachi hugoma kujaa. Chora jengo karibu na 0,0, kisha uliunganishe na ramani ya kiwanja.

Kadi ya picha. Mchoro mtupu nao ukiganda, andika GRAPHICSCONFIG na uzime kuharakisha kwa kadi. Kuganda kukikoma, sasisha draiva.

Flashi. Usichoree humo. Hamishia faili kwenye diski ya kompyuta kwanza.