Waliozaliwa Kabla ya 2002

Katika wilaya ya Koboko, mtoto wa wiki 6 hudungwa pajani, akalia kidogo, akanyonya, akalala. Sindano ile moja imebeba kinga ya magonjwa 5, homa ya ini aina ya B ikiwemo. Atarudishwa akiwa na wiki 10, kisha 14. Uganda ilianza kutoa chanjo hiyo mwaka 2002, kwa hiyo mama aliyembeba, kama alizaliwa kabla ya hapo, huenda hana kinga hata kidogo.

Na West Nile, eneo ilipo Koboko, si mahali pa kukaa bila kinga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2005 ulikuta virusi vya homa hii kwa mtu 1 kati ya 10 nchini. Huku, karibu 2 kati ya 10. Serikali ilipoanza kuwachanja watu wazima bure mwaka 2015, Arua, Koboko na wilaya jirani zilikuwa miongoni mwa za kwanza.

Kabla ya mtu mzima kuchanjwa, kipimo hutangulia. Kidole huchomwa, tone la damu likawekwa kwenye kijikaratasi cha kupimia, kisha watu husubiri mistari kama dakika 15. Mstari mmoja, mtu anachanjwa. Miwili, virusi vimeshaingia na chanjo haitavitoa. Huyo anahitaji ini lake lifuatiliwe, na ikibidi apewe dawa za kuvituliza.

Kinachotisha ni umri wa kuambukizwa. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi huvishinda virusi mwenyewe. Kati ya watoto wachanga 10 wanaoambukizwa na mama zao, karibu 9 hubaki navyo. Mtoto kama huyo atacheza, atasoma, ataoa, bila dalili yoyote, mpaka ini likakamae au liote saratani.

Kumtengea mgonjwa sahani na kikombe ni kumwonea bure. Homa hii haipiti kwenye chakula wala mkono. Hupita kwenye damu, kujamiiana na uzazi. Wembe wa kuazimana ndio wa kuogopwa, maana virusi huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi.

Mtu mzima hudungwa mara 3: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi 6. Hapa mpakani miezi 6 ni mingi; mchuuzi aliyedungwa Arua anaweza kuwa Sudan Kusini siku ya sindano ya tatu ikifika. Aliyechelewa haanzi upya. Arudi na kadi yake yenye tarehe mbili, muuguzi aandike ya tatu.