Macho Hayana Pazia, Kamera Inalo: Jinsi Filamu Fupi Inavyotengenezwa

Waswahili husema macho hayana pazia. Maana yake ni kwamba jicho halizuiliki kutazama kilicho mbele yake. Kamera, kinyume na jicho, ina pazia, tena anayelifungua na kulifunga ni mtu. Hilo ndilo jambo kubwa tulilojifunza wanachama wa Chama cha Kiswahili tulipotengeneza filamu yetu ya dakika tano muhula wa pili. Tangu tuionyeshe, wenzetu wengi wametuuliza ilitengenezwaje na kama ni kweli ilitugharimu maelfu ya pesa. La hasha! Gharama kubwa ilikuwa chai na mandazi ya waigizaji. Katika makala haya nitaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua ili darasa lolote linalotaka kujaribu lijue pa kuanzia.

Kwanza kabisa, filamu ni nini? Ni picha zisizosonga zinazopita mbele yetu kwa kasi mpaka tunaona kana kwamba zinasonga. Kawaida ya sinema ni picha 24 kwa sekunde moja, na simu nyingi hupiga 30. Kwa hivyo filamu ya dakika tano iliyopigwa kwa simu ina picha 9,000. Si mchezo! Na msidhani filamu lazima iwe ndefu. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonyesha filamu zao mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895 kwa watu waliolipa kiingilio, kila moja ilichukua kama dakika moja tu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kisa. Filamu fupi haina nafasi ya kubeba riwaya. Inataka kisa kimoja, wahusika wachache na tatizo moja. Mfano mzuri ni Watu Wote, filamu ya mwaka 2017 iliyoelekezwa na Katja Benrath. Wengi hawajui kwamba ile ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg Media School cha Ujerumani, waliokuja kuipigia hapa Kenya, na wahusika wake wanazungumza Kiswahili na Kisomali. Inahusu basi lililovamiwa na magaidi karibu na Mandera mwezi wa Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Ni dakika 22 hivi, na karibu kisa chote kiko ndani na kando ya basi moja. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar ya wanafunzi mwaka 2017, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania Oscar yenyewe.

Sisi tulichagua kitu cha karibu nasi: lango la shule. Shule yetu ni ya kutwa, na lango hufungwa saa moja na robo. Kisa chetu kinamhusu msichana anayeitwa Zena ambaye huchelewa kila siku kwa sababu lazima ateke maji kabla ya kutoka nyumbani. Filamu tuliiita Saa Moja na Robo.

Hatua ya pili ni mswada. Gawa ukurasa sehemu mbili: upande mmoja uandike kinachoonekana, upande wa pili kinachosikika. Hapa ndipo wengi wetu tulitoka jasho. Katika insha tumezoea kuandika, "Zena alikuwa amechoka sana." Sasa kamera itapigaje picha ya kuchoka? Haiwezi. Inaweza kupiga picha ya ndoo, ya foleni ya mitungi kwenye mfereji, na ya viatu vya shule vilivyolowa. Mwandishi wa filamu asiandike neno ambalo jicho au sikio haliwezi kulipata.

Hatua ya tatu ni ruhusa. Mwalimu mkuu alituruhusu kutumia uwanja, na kwa kuwa sisi haturuhusiwi kuja na simu, mwalimu mlezi wa chama alitupa yake. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso wako ni taarifa yako. Kila mwigizaji alileta barua kutoka nyumbani. Bawabu wetu naye aliombwa kwa heshima aigize sehemu ya bawabu. Alicheka sana, kisha akakubali.

Hatua ya nne ni kupiga picha. Simu ilazwe, isisimamishwe. Kama hakuna kigari wala kiguu cha kamera, iegemeze kwenye rundo la vitabu. Pigeni asubuhi au jioni, kwa maana jua la saa sita hutia kivuli machoni, mtu akaonekana kama ana mashimo badala ya macho. Kila tukio lipigwe zaidi ya mara moja: kwa mbali ili mahali paonekane, kwa kati ili matendo yaonekane, na kwa karibu ili uso uonekane. Maleba nayo yaangaliwe sana. Mwigizaji akivaa sweta barabarani, lazima alivae na langoni, hata kama sehemu hizo mbili zilipigwa wiki tofauti na siku hiyo jua ni la kuchoma utosi.

Hatua ya tano ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini asiposikia maneno, kwisha! Simu iliyo mbali hunasa upepo na matatu kuliko mwigizaji. Dawa yake ni kutumia simu ya pili kama kinasa sauti, uifunike kwa soksi nyepesi na kuificha karibu na msemaji. Kabla ya kuanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Baadaye utaoanisha mlio wa kofi na picha ya mikono inapokutana, na hapo sauti na midomo vitakwenda pamoja.

Sasa tumefika hatua ya sita, nayo ni uhariri, yaani kukata vipande na kuviunga. Kazi hii tuliifanya kwenye chumba cha kompyuta, na hapa ndipo pazia nililolitaja lilipojitokeza. Karne iliyopita, mwelekezi mmoja wa Urusi, Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji ambao hauonyeshi hisia yoyote. Inasimuliwa kwamba aliuunga na picha ya bakuli la supu, kisha jeneza la mtoto, kisha mwanamke. Watazamaji wakasifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, huzuni na mapenzi. Kumbe uso ulikuwa ule ule!

Nasi tulikuwa na uso wa bawabu wetu akitazama barabara, mtulivu kabisa. Tukaunga hivi: Zena anakimbia, lango linafungwa, Zena analia, uso wa bawabu. Lahaula! Mzee akageuka mkatili anayefurahia machozi ya mtoto. Tukaunga upya: uso wa bawabu, barabara tupu, bawabu anatazama saa, lango linafungwa, ndipo Zena anatokea akihema. Sasa akawa mzee aliyesubiri mpaka dakika ya mwisho. Vipande ni vile vile, na yeye hakuongeza hata kupepesa jicho.

Chama kiligawanyika. Wengine walitaka ule wa kwanza kwa sababu una taharuki na ungewafanya watazamaji wapige kelele. Wengine tukauliza, je, Jumatatu asubuhi itakuwaje? Mhusika ni wa kubuni, lakini uso ni wa mzee wa watu. Wanafunzi zaidi ya mia tatu watapita mbele yake wakimzomea kwa ukatili ambao hakuufanya wala hakuuigiza. Tena Zena hachelewi kwa sababu ya bawabu. Anachelewa kwa sababu ya maji. Filamu ikimtupia lawama mzee, maji yatasahaulika. Tulibishana siku mbili, kisha tukapiga kura, na mpangilio wa pili ukashinda kwa kura tatu tu. Kabla ya onyesho tulimwita mzee aitazame kwanza. Akatikisa kichwa, akasema, "Wanangu, mimi ufunguo ninao, lakini saa si yangu."

Tulipoionyesha ukumbini, filamu ilichukua dakika tano, na mjadala ukachukua karibu dakika arobaini. Hakuna aliyemzungumzia bawabu. Mwalimu mmoja aliuliza ni wangapi hupitia mferejini kabla ya kuja shuleni. Mikono iliyoinuka ilikuwa mingi kuliko tulivyodhani sisi wenyewe tulioandika kisa, na mingine ilikuwa ya watu ambao tumezoea kuwaita wavivu wa kuamka.

Basi, wenzangu, kutengeneza filamu kunataka simu moja, subira nyingi na watu wanaoweza kubishana bila kugombana. Lakini anayeshika mkasi wa uhariri ajue kwamba ameshika pia jina la mtu. Na wewe unayetazama filamu, au video yoyote unayotumiwa kwa simu, usiulize tu ulichoonyeshwa. Uliza pia kilichokuja kabla ya kipande hicho, na ni nani aliyekata. Mwaka ujao chama kinakusudia kutengeneza filamu nyingine, na mlango uko wazi kwa kidato chochote. Njooni na visa vyenu. Kiswahili kitukuzwe!