Kelele hazipandishi mlima: Siri ya ekzosi ya Suzuki ndogo

KUNA mashabiki wanaoamini timu yao inashinda kwa sababu ya ngoma na vuvuzela za jukwaani. Waache wafurahi, mpira ni furaha. Lakini bao linafungwa na mguu, na ndivyo ilivyo pia kwa gari dogo la kupanda milima. Linalofika juu ni lile lenye nguvu ya kuvuta, siyo lile ambalo ekzosi yake inasikika hadi mtaa wa pili.

Vijana wengi wenye Suzuki ndogo, zile Samurai na Jimny, wakishika hela kidogo tu safari ya kwanza ni kwa fundi wa kuchomelea. Wanataka bomba nene na sauti nzito. Wakirudi mlimani wanashangaa. Gari linanguruma kuliko zamani, lakini ile kona iliyokuwa inapandwa kwa gia ya pili sasa inadai gia ya kwanza.

Hapo hakuna aliyelogwa. Ni hesabu tu, na hesabu yenyewe ni nyepesi.

MCHEZO USIOTAKA MBIO

Kabla hatujaingia chini ya gari, tuuangalie kwanza mchezo wenyewe. Majirani zetu Kenya wana Rhino Charge, shindano la magari ya porini lililoanza mwaka 1989. Timu inapewa saa 10 kufika vituo 13, na bingwa siyo aliyekimbia kuliko wenzake. Bingwa ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi.

Kwa hiyo dereva hazunguki mlima, anaupanda. Korongo likiwa mbele yake, anashuka nalo na kupanda ng'ambo. Fedha zinazochangwa na timu zimesaidia kujenga uzio wa umeme wa milima ya Aberdare, wenye urefu wa karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009.

Katika mchezo wa namna hiyo, gari dogo lina heshima yake. Ni jepesi, jembamba, linapita palipowashinda wakubwa. Mwaka 2007 huko Chile, Gonzalo Bravo na Eduardo Canales waliipandisha Suzuki Samurai iliyofanyiwa marekebisho hadi mita 6,688 katika mlima Ojos del Salado. Hapo ni karibu mita 800 juu zaidi ya kilele cha Kilimanjaro. Ilikuwa rekodi ya dunia.

INJINI INAVYOPUMUA

Samurai ya 1.3 ina silinda nne zenye jumla ya cc 1,324, na nguvu za farasi sitini na kitu tu. Hata Jimny mpya ya 1.5 iliyotoka mwaka 2018 ina farasi 102. Hizi ni injini ndogo, hazina cha kupoteza. Angalizo moja: zile Jimny za cc 660 kutoka Japan zina silinda tatu na turbo. Hiyo ni ligi nyingine, usinakili vipimo vyake.

Silinda nne hazitoi moshi kwa pamoja. Zinapokezana: inaanza ya kwanza, inafuata ya tatu, ya nne, halafu ya pili. Moshi wa kila silinda unatoka kama pasi ya nguvu. Ukikimbia vizuri ndani ya bomba, nyuma yake unaacha uwazi unaoivuta hewa chafu ya silinda inayofuata. Silinda ikisafishwa vizuri, inaingiza hewa na mafuta mapya zaidi, na gari linavuta.

Sasa weka bomba nene kupita kiasi. Moshi unapoteza kasi, unapoa, unazubaa njiani kama kiungo aliyepewa uwanja mzima akakosa wa kumpasia. Ule mvuto wa kusafisha silinda unapungua, hasa injini ikiwa katika mizunguko ya chini, na huko ndiko gari la porini linakoishi. Ukiwa juu ya jiwe na gia ya kwanza, unatafuta nguvu kwenye mizunguko 1,500 hadi 3,000 kwa dakika. Ile ya 6,000 waachie wa lami.

HESABU YA BOMBA

Kwa injini ya 1.3 isiyo na turbo, bomba la inchi moja na nusu hadi moja na robo tatu linatosha kabisa. Inchi mbili ni ukingoni. Wanaokimbilia inchi mbili na nusu wajue kwamba uwazi wa bomba hilo ni mara mbili ya lile la inchi moja na robo tatu. Moshi ule ule ukipita kwenye njia yenye upana mara mbili, kasi yake inashuka karibu nusu.

Ukiwa na bajeti ya kutengeneza na manifoldi, mwambie fundi aunganishe mabomba kwa jozi. Silinda ya kwanza na ya nne ziwe pamoja, ya pili na ya tatu ziwe pamoja, halafu jozi hizo mbili zikutane katika bomba moja. Silinda za jozi moja hazifuatani katika kupokezana, kwa hiyo moshi wake haugombani mlangoni. Mpango huu unasaidia mizunguko ya chini na ya kati. Kukusanya manne yote kwa mpigo katika bomba moja kunawafaa zaidi watu wa kasi.

Halafu kona. Bomba likikunjwa kienyeji linabonyea, na pale palipobonyea ndipo moshi unapobanwa. Kama hakuna mashine nzuri ya kukunjia, bora fundi anunue kona zilizokunjwa tayari, au ajaze mchanga mkavu ndani ya bomba, azibe ncha zote mbili, alipashe moto na kulikunja polepole. Mchanga ukiwa mkavu kabisa, bomba halibonyei. Ukiwa na unyevu, mvuke unaweza kulipuka usoni kwake.

Jambo jingine, usikubali bomba la maji lenye zinki eti kwa sababu ni rahisi. Zinki ikichomelewa inatoa moshi mweupe unaompa fundi homa na kutetemeka usiku kucha. Chuma cha kawaida kinafaa ila kitakula kutu, hasa kwa wakazi wa Pwani. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini utalipa mara moja.

CHINI YA GARI

Hapa ndipo ekzosi ya porini inapoachana na ya mjini. Gari la mjini halipindi mgongo. La porini, tairi moja likiwa juu ya jiwe na jingine shimoni, kila kitu chini kinahama: difu inapanda, propela inabadili pembe, injini inacheza kwenye raba zake.

Fundi asipime gari likiwa limesimama sawa sakafuni tu. Ainue tairi moja la nyuma kwa jeki mpaka springi ifike mwisho, halafu aangalie kama difu inagusa bomba. Arudie upande wa pili. Kwenye Samurai, boksi la transfa limekaa peke yake nyuma ya giaboksi, nafasi ni finyu, kwa hiyo bomba linapaswa kupita bila kuisogelea propela.

Bomba lisining'inie chini ya chesisi. Kila kinachoning'inia ndicho kitakachogonga jiwe kwanza. Lishikwe kwa raba, siyo kuchomelewa moja kwa moja kwenye chesisi, na karibu na manifoldi kuwe na kipande kinachonesa. Bila kipande hicho, mtikisiko wote unaishia kwenye manifoldi, na nyufa zitaanzia hapo.

Pia liwe mbali na tangi la mafuta na mipira ya breki. Pasipo na nafasi, iwekwe bati ya kukinga joto. Na kwa gari lenye kompyuta kama Jimny, betri ichomolewe kabla ya kuchomelea, na sensa ya oksijeni irudi pale ilipokuwa, kabla ya kile kichujio cha moshi chenye matundu kama masega. Kichujio chenyewe kibaki.

MOSHI USIOONEKANA

Mpaka hapa tumezungumzia mlima. Hili la mwisho ni la uhai.

Katika moshi wa petroli kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu, vitu ambavyo dereva wa porini atavisingizia jua na safari ndefu. Anayepitiwa na usingizi ndani ya gari lenye gesi hiyo anaweza asiamke.

Suzuki nyingi za mchezo zina turubai au ziko wazi nyuma. Gari likitembea, hewa ya nyuma inavutwa kurudi ndani. Ekzosi iliyoishia katikati ya gari, chini ya milango, inawapelekea moshi abiria wenyewe. Mdomo wake lazima utoke kabisa nje, nyuma ya bodi au pembeni nyuma ya tairi la nyuma, na uelekee mbali na gari. Na tundu lolote kwenye sakafu lizibwe.

KABLA HUJAMLIPA FUNDI

Jaribio la kuvuja linachukua dakika mbili. Washa injini ikiwa ya baridi, fundi azibe mdomo wa nyuma kwa tambara nene kwa sekunde chache, wewe sikiliza kila kiungo. Panaposikika mluzi pana tundu. Maji ya sabuni yatakuonyesha mahali penyewe kwa mapovu. Uvujaji ulio kabla ya sensa ya oksijeni una hasara mbili: unaingiza hewa ya nje, kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza, na tangi linaisha kabla ya safari.

Samurai ya kabureta nayo irekebishwe upya baada ya kufungwa ekzosi mpya. Halafu ipeleke kwenye kipande cha mlima unachokijua, na gia ile ile uliyozoea. Ikipanda kwa utulivu bila kukanyaga sana resi, mlipe fundi wako na umwongezee ya soda.

Ikiwa kilichoongezeka ni kelele tu, bado hujanunua nguvu. Umenunua vuvuzela, na dakika tisini bado ziko mbele yako.