Mbwembwe za Barabarani: Haki ya Abiria na Wajibu wa Jamii

Katika barabara ya Kisarawe hadi Maneromango, kama zilivyo barabara nyingi za vijijini, pikipiki ndiyo inayomfikisha mgonjwa kwenye zahanati na mazao gulioni. Kwa hiyo dereva anapoinua tairi la mbele ili ashangiliwe, au msafara wa harusi unapotanda barabara nzima huku watu wamekaa madirishani mwa magari, hatari hiyo haibaki kwa wahusika peke yao. Humfikia abiria, mtembea kwa miguu na mtoto atokaye shuleni.

Kwa nini ni hatari?
Pikipiki huongozwa kwa tairi la mbele, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Tairi hilo likiwa hewani, dereva hawezi kukata kona wala kusimama kwa wakati. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, chombo husafiri takribani mita 14 kila sekunde.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha chombo cha moto kwa uzembe au kwa namna inayohatarisha watu. Harusi, msiba au ushindi wa timu si utetezi. Aidha, mikataba mingi ya bima haihusishi mashindano ya mwendo. Mmiliki aliyemkabidhi kijana pikipiki kwa mkataba asome masharti ya bima yake mapema, kabla ajali haijatokea.

Haki yako, mtumiaji
• Mtake dereva aendeshe kwa usalama. Akikaidi, mwambie asimame, nawe ushuke.
• Andika namba ya usajili (ya pikipiki huanza na herufi MC), mahali na saa.
• Toa taarifa polisi. Namba ya dharura ni 112. Ikiwa chombo kinabeba abiria kwa malipo, tuletee taarifa nasi, LATRA, kwa kuwa leseni ya usafirishaji iko chini ya usimamizi wetu. Gari binafsi ni suala la polisi.

Jamii ifanye nini?
Hasira ya wananchi inaeleweka, hasa baada ya mtoto kugongwa. Hata hivyo, kumpiga dereva au kuchoma pikipiki yake ni kosa la jinai, na gogo lililolazwa barabarani usiku humuua asiyehusika. Zipo njia zenye nguvu zaidi:
• Suala lijadiliwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ambayo hutumika baada ya kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya.
• Viongozi wa vijiwe vya bodaboda washirikishwe tangu mwanzo. Wao huwafahamu madereva wao, na jina baya la mmoja huwapunguzia wote abiria.
• Matuta yaombwe kwa TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, au kwa TARURA kwa barabara za wilaya. Tuta lililojengwa kiholela, bila alama, nalo husababisha ajali.
• Wenye sherehe wakubaliane na madereva kabla ya kulipa: msafara utembee upande wake, na kila mtu akae ndani ya gari.

Mbwembwe hizi hufanywa kwa ajili ya watazamaji. Tusizishangilie, wala tusisambaze picha zake kwa sifa.