Ivike Flashi Rangi ya Ukumbi

Mpunga wa Mwanzugi ukishaingia ghalani na pamba ikishauzwa, Igunga huingia msimu wa harusi. Kumbi za mjini, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, hazipumziki: leo send-off, kesho harusi. Albamu zikitoka, humo hukutwa jambo ambalo wengi wamelizoea hadi kudhani ndivyo picha za usiku zilivyo. Maharusi wana rangi yao halisi. Nyuma yao wazazi, wajomba na mashangazi wana ukijani wa mtu anayeumwa nyongo. Bibi aliyepanda basi kutoka Choma cha Nkola kuja kumwona mjukuu wake akiolewa anastahili kuonekana alivyo, na hilo linawezekana kwa kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kiganja.

Chanzo ni taa za tyubu. Jua na balbu za zamani za waya hutoa rangi zote mfululizo, kuanzia nyekundu mpaka urujuani. Tyubu haifanyi hivyo. Ndani yake mna mvuke wa zebaki. Umeme ukipita humo hutokea mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo ndio unaoigeuza kuwa mwanga. Mwanga huo una mapengo na vilele. Kilele kimojawapo kirefu kiko kwenye kijani, karibu na nanomita 546, mahali ambapo zebaki yenyewe hung'aa. Ubongo huuzoea upesi. Ukikaa ukumbini dakika chache utaapa kwamba kitambaa cha meza ni cheupe. Kamera haina mazoea hayo. Ngozi nyeusi nayo huonyesha kasoro hii mapema, kwa sababu ukijani huufuta wekundu ulio chini ya ngozi, na uso hubaki kama umepakwa majivu.

Flashi ni habari nyingine. Gesi yake ya zenoni hutoa mwanga unaokaribiana na wa jua la mchana, kelvini 5,500 hivi, bila kijani cha ziada. Basi katika picha moja kuna mianga miwili: flashi imewafikia maharusi walio karibu, tyubu zimebaki kuwaangazia walio mbali. Mpiga picha akiiacha waiti balansi kwenye alama ya flashi, waliokaa nyuma wanakuwa kijani. Akiihamishia kwenye alama ya tyubu, kamera inaongeza majenta kwenye picha nzima ili kukiua kijani: nyuma kunatakata, lakini maharusi, ambao hawakuwa na kijani cha kuuawa, wanageuka zambarau. Hata enzi za filamu wapo waliofunga filta ya FL-D kwenye lenzi kwa ajili ya tyubu, kisha wakapiga flashi tupu na kupata nyuso za zambarau vilevile.

Wengi hujipa moyo kwamba kompyuta itamaliza kazi. Haimalizi. Kitufe cha rangi huisogeza picha yote kwa pamoja, nayo picha hii ina makosa mawili yanayovutana. Unaweza kuutenga kila uso kwa mkono na kuurekebisha peke yake, lakini nani atafanya hivyo kwa picha mia nne? Wengine huongeza nguvu ya flashi na kufunga lenzi mpaka ukumbi unakuwa giza. Rangi inatulia kweli, ila wageni wamefutwa, na pamoja nao mapambo ambayo kamati ya harusi iliyachangia kwa miezi. Mimi hiyo siiiti suluhisho.

Tyubu arobaini zilizo kwenye dari ya mtu mwingine huwezi kuzibadili. Flashi yako moja unaweza. Ifunike kwa jeli ya kijani, ile inayotengenezwa kwa ajili ya taa za filamu na studio, ili mwanga wake ufanane na wa tyubu. Sasa ukumbi mzima una rangi moja, mbele na nyuma. Ni rangi mbaya, lakini ni moja, na rangi moja kamera huirekebisha kwa mpangilio mmoja. Wanaoona mara ya kwanza hushangaa kuwa dawa ya kijani ni kuongeza kijani. Ukishaelewa kwamba adui ni tofauti kati ya mianga miwili, mshangao unakwisha.

Jeli hizi huja kamili, nusu na robo. Kwa tyubu nene za zamani anza na kamili. Kwa nyembamba za kisasa nusu mara nyingi hutosha. Tyubu zinazoitwa za mchana, zenye weupe wa kibuluu wa kelvini 6,500, zinadai pia robo ya jeli ya buluu. Jeli ya kijani iliyo kamili hula karibu nusu stopu ya mwanga, kwa hiyo ongeza nguvu kidogo. Usitumie karatasi ya kufungia zawadi: kijani chake ni kikali mno na hakina kipimo.

Fika kabla ya wageni. Weka kadi ya kijivu chini ya tyubu, bila flashi, uifundishe kamera weupe kwa kadi hiyo. Kisha mpige mwenzako kwa flashi yenye jeli. Uso ukielekea zambarau, kijani hakijatosha. Ukielekea kijani, kimezidi. Shela ya bibi harusi usiifanye kipimo, hata kama inavutia kwa weupe wake, maana sabuni na viwanda vya nguo hutia dawa za kung'arisha ambazo hugeuza urujuanimno kuwa buluu, na kamera itadanganyika.

Kasi ya shata nayo ina neno. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubu yenye choki na stata za zamani hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na rangi yake hubadilika kadiri inavyofifia. Ukipiga kwa 1/200, picha mbili zinazofuatana zinaweza kutofautiana rangi hata kama hukugusa kitu. Baki kwenye 1/100 au 1/50. Ukirusha flashi darini, dari iwe nyeupe. Maturubai ya rangi za sherehe yatakurudishia rangi yao juu ya nyuso za watu.

Tyubu zenyewe zinaondoka. Mwaka 2023, mjini Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kusitisha utengenezaji na uingizaji wa taa hizi ifikapo mwisho wa 2027. Zilizokwisha kufungwa zitawaka mpaka zife, na LED nyingi za bei rahisi zinazozirithi zina kijani chao pia, kila aina kwa kiasi chake. Kadi ya kijivu usiitupe. Na umeme ukikatika katikati ya keki, jenereta ikawasha taa chache za MC na muziki tu, vua jeli, irudishe waiti balansi kwenye flashi, uendelee.