NUNUA TOCHI KWA AKILI, USINUNUE KWA MACHO

Ndugu msomaji, nataka tuzungumzie chombo ambacho karibu kila mwanafunzi wa hapa Katito anacho au anakitamani, yaani tochi. Kwenye insha tunaiita kurunzi na mwalimu anafurahi. Lakini ukienda sokoni ukasema kurunzi, utatazamwa kama mgeni. Basi leo nitasema tochi.

Pengine utauliza, je, tochi nayo ni jambo la kuandikwa gazetini? Naam. Mtambo wa umeme wa Sondu Miriu, wenye uwezo wa megawati 60, uko papa hapa Nyakach, lakini hilo halizuii stima kupotea katikati ya prepu. Wengi wetu tukifika nyumbani tunapita vijia vyenye mashimo na mitaro, na mvua ikinyesha huwezi kujua maji yanaishia wapi. Kuna nyoka anayeitwa moma. Huyu hakimbii akisikia nyayo. Hulala kimya njiani, na akikanyagwa huuma. Kando ya ziwa nako viboko hutoka majini usiku kula nyasi. Tochi ikizimika hapo, si jambo la kucheka.

LED NI NINI?

Tochi za wazee wetu zilikuwa na balbu yenye uzi mwembamba ndani. Uzi huo ulipata moto mpaka ukang'aa, na sehemu kubwa ya nguvu za mawe (yaani betri) ilipotea kuwa joto. LED haina uzi. Ni kipande kidogo sana kinachotoa mwanga umeme unapopita ndani yake. Mwanga mweupe wa LED uliwezekana baada ya wataalamu kupata LED ya buluu. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, mzaliwa wa Japani pia, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

Faida yake ni kwamba mawe yale yale hutoa mwanga mwingi zaidi kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua kituo cha kuchaji taa kwa nguvu za jua kule Mbita, ili wavuvi wapunguze matumizi ya karabai za mafuta ya taa wanapovua omena usiku. Lakini si kila LED ni nzuri. Zipo bora na zipo takataka, na zote zinang'aa zikiwa mpya!

TULIVYOJARIBU SOKONI

Mwezi wa pili, wanachama watatu wa Chama cha Kiswahili tulikwenda soko la Katito na shilingi 600. Mama mmoja mwenye kibanda alitukaribisha, "Nyathina, njoo uone, hii ni moto kabisa!" Tulinunua tochi tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo ya plastiki, ya mawe membamba matatu, kwa shilingi 100. Ya pili ya kuvaa kichwani, nayo ya mawe matatu kama hayo, shilingi 200. Ya tatu ilikuwa ya kuchaji kwa plagi, shilingi 300.

Tuliziwasha zote saa moja jioni tukajaribu kusoma kitabu. Ile ya kuchaji ilikuwa kali kuliko zote, hata wenzetu wakapiga makofi. Kufikia saa nne ilikuwa imebaki kama macho ya paka. Ile ya kichwani, tukiiweka kwenye mwanga mdogo, ilitusomesha jioni hiyo na jioni iliyofuata. Ile ya shilingi 100 iliharibika swichi siku ya tatu. Tukajifunza kuwa mwanga mkali wa dakika ya kwanza hauwezi kukuambia mengi.

FANYA HESABU KABLA YA KULIPA

Mawe matatu membamba tuliyapata kwa shilingi 60. Tuseme yanadumu wiki mbili. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo utanunua mara 26. 26 mara 60 ni shilingi 1,560. Yaani tochi ya shilingi 200 inakula pesa karibu mara nane ya bei yake kwa mwaka mmoja! Ndiyo maana watu husema rahisi ni ghali.

Kwa hiyo anza kwa kujiuliza, nitapata wapi nguvu ya kuiwasha? Kama nyumbani hakuna stima wala sola, tafuta tochi ya mawe makubwa. Jiwe moja kubwa lina nguvu kama mara kumi au zaidi kuliko lile jembamba, ingawa bei yake haizidi mara kumi. Kama mnaweza kuchaji simu, chukua yenye betri ya lithiamu inayochajiwa kwa waya wa simu.

Zile za bei nafuu za kuchomekwa ukutani mara nyingi zina betri ya risasi na asidi. Betri hiyo ikiachwa bila chaji kwa wiki kadhaa hufa, kwa hiyo ichaji kila baada ya kuitumia. Na jambo la hatari: usiiwashe wala kuishika ikiwa bado imechomekwa. Nyingi hazina kinga ndani, na umeme wa ukutani unaweza kukufikia.

MANENO YA KWENYE BOKSI

Mwanga hupimwa kwa lumeni. Kusoma kitabu, lumeni 20 hadi 30 zinatosha. Kutembea njiani, 50 hadi 100 ni nyingi. Ukiona tochi ya shilingi 200 imeandikwa lumeni 10,000, rudisha boksi mezani.

Saa nazo zina ujanja. Kuna kanuni inayoitwa ANSI FL1, iliyotoka mwaka 2009. Kwa kanuni hiyo saa huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Maana yake, "saa 10" si saa kumi za mwanga uliouona dukani.

Betri ya lithiamu iitwayo 18650 ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Hata iliyo bora haizidi mAh 4,000 hivi. Iliyoandikwa 9,900 inadanganya. Ya kweli huwa na uzito wa gramu 45 hivi. Ikiwa nyepesi kama kiberiti, achana nayo.

YA MKONONI AU YA KICHWANI?

Ya kichwani inaacha mikono yako huru. Inamfaa anayekamua ng'ombe, fundi wa boda boda, mvuvi anayetoa samaki wavuni, na wewe unayesoma. Chagua inayoinama, isiyo nzito, yenye mwanga wa ngazi mbili au zaidi.

Lakini kwa kutembea, ya mkononi ina siri yake. Taa ikiwa karibu na macho huvioni vivuli, na shimo huonekana kama ardhi tambarare. Ukishika tochi usawa wa kiuno, mashimo na mawe ya njiani hutupa vivuli na unayaona. Kama una ya kichwani tu, ivue uishike mkononi.

KAGUA NA UTUNZE

Ukiwa kibandani, bonyeza swichi mara ishirini. Itikise ikiwa imewaka, ikipepesa, iache. Fungua kifuniko uone kama kuna mpira wa duara wa kuzuia maji. Alama ya IPX4 ina maana inavumilia matone ya maji, na IPX7 inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Ya kwanza inatosha mvua, ya pili inamfaa mtu wa mtumbwini.

Nyumbani, usichanganye mawe mapya na ya zamani. Usiyaanike juani ati yafufuke; nguvu inayorudi ni kidogo, na yanaweza kuvuja maji yanayokula tochi. Ukifunga shule, yatoe. Zamani watu walipasua mawe yaliyokufa wakachanganya unga mweusi na makaa kupaka ubao wa darasani. Usiwape watoto mchezo huo. Betri ya lithiamu iliyovimba usiichaji tena, kwani inaweza kuwaka moto.

Ndugu msomaji, siku mzazi atakapokupa shilingi 300 ukanunue tochi, kumbuka kwamba amezitoka jasho. Jiulize itakusaidia kazi gani, itapata nguvu wapi, na itakula pesa ngapi kwa mwaka. Ukimaliza maswali hayo, ndipo umwambie mama mwenye kibanda apunguze bei kidogo. Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Kiswahili kitukuzwe!